Binti anakwenda kusoma Texas: bastola za darasani zinamhusu vipi?

SWALI: Binti yangu ana miaka 23 na amepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili katika chuo kikuu cha umma huko Texas. Anaondoka Agosti. Nimeambiwa kule wanafunzi wanaruhusiwa kuingia darasani na bastola wameificha kiunoni, na tangu nisikie hivyo usingizi umenipaa. Shemeji yangu anayeishi Houston ananicheka. Anasema silaha mikononi mwa watu wema ndizo zinazowazuia wabaya, na kwamba binti naye akifika achukue mafunzo anunue yake. Anasema hata mauaji ya Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya, yasingetokea kama wale vijana wangekuwa nazo. Je, ni kweli? Na mtoto nimwambie nini? (Mama, Morogoro)

JIBU: Mama, pole kwa wasiwasi. Nitaanza na hilo la binti kununua bastola, kwa sababu ndilo linaloweza kumwingiza matatani wiki ya kwanza tu.

Asinunue, asiazime, asimshikie mtu, wala asipige picha akiwa nayo mkononi. Anayeingia Marekani kwa viza ya mwanafunzi, ile ya F-1, hukatazwa na sheria ya serikali kuu kuwa na bunduki, bastola au hata risasi moja. Adhabu ya juu ya kosa hilo tangu 2022 ni kifungo cha miaka 15. Kabla ya hapo ilikuwa 10. Tena mgeni akishatiwa hatiani kwa kosa la silaha, hilo peke yake ni sababu ya kufukuzwa nchini, na shahada inaishia hapo. Sheria haiulizi kama alinunua. Kuishika, au kuwa nayo mahali anapoweza kuichukua na kuitawala, kunaweza kutosha kumfikisha mahakamani.

Kuna mlango mdogo katika katazo hilo: mwenye leseni halali ya kuwinda iliyotolewa na jimbo fulani la Marekani anaweza kuruhusiwa. Binti atawasikia wenzake wakisema "kata leseni ya uwindaji, mambo yote shwari". Asiguse hapo bila kuongea na wakili wa uhamiaji, maana leseni hiyo ina tarehe ya mwisho. Siku inapokwisha, silaha iliyokuwa halali jana inakuwa kosa la jinai leo. Kama shemeji yako ni raia au ana kibali cha ukaazi wa kudumu, yeye sheria inamtazama kwa jicho lingine, na ndiyo maana ushauri unaomfaa yeye ni hatari kwa mtoto. Mwambie hivyo wazi, naye nina hakika ataelewa, kwa sababu hakuna ndugu anayetaka kumwona mtoto wa familia akirudishwa nyumbani na pingu.

Sasa tuje kwenye sheria yenyewe ya Texas. Ilitiwa saini na Gavana Greg Abbott mwaka 2015 na kuanza kutumika vyuo vikuu vya umma tarehe 1 Agosti 2016; vyuo vya jamii, vile vya miaka miwili, vikafuata mwaka mmoja baadaye. Kinachoruhusiwa ni bastola tu, si bunduki ndefu, na lazima ifichwe kiasi kwamba mtu wa pembeni asiione. Akiionyesha makusudi, ametenda kosa. Mbebaji lazima awe na leseni ya jimbo, na sheria ilipoanza umri wa kuipata ulikuwa miaka 21, isipokuwa wanajeshi, ambao wangeweza kuipata wakiwa na 18. Hili la leseni watu wengi hulichanganya: mwaka 2021 Texas iliondoa ulazima wa leseni kwa kubeba bastola mitaani, lakini ndani ya vyuo leseni bado inatakiwa.

Leseni hiyo hupatikanaje? Darasa la saa 4 hadi 6, mtihani wa maandishi, ukaguzi wa rekodi za jinai, na jaribio la kulenga shabaha kwa risasi 50: 20 kutoka yadi 3, 20 kutoka yadi 7, na 10 kutoka yadi 15. Kwa vipimo vyetu ni karibu mita 2.7, 6.4 na 13.7. Alama ni 250, na kufaulu ni 175. Shabaha ni karatasi iliyosimama, mwanga ni wa kutosha, na hakuna anayekimbia wala kupiga kelele. Nakuomba uzishike namba hizo, kwa sababu nitazirudia tutakapofika kwenye hoja ya shemeji.

Vyuo binafsi viliachiwa vichague, na karibu vyote vilikataa. Rice, Baylor na SMU ni miongoni mwao. Vyuo vya umma haviwezi kukataza kwa ujumla, ila vinaweza kuweka kanuni na kutenga maeneo. Kwa hiyo ukitaka kujua binti atakutana na nini, jina la jimbo halitoshi, inabidi usome kanuni za chuo chenyewe. Katika Chuo Kikuu cha Texas pale Austin, kwa mfano, mhadhiri mwenye ofisi yake peke yake anaweza kukataza silaha humo, maabara zenye kemikali hatari sana zimetengwa, na vyumba vya hosteli kwa kiasi kikubwa vimefungiwa silaha isipokuwa maeneo ya pamoja kama sebule na bwalo. Texas A&M walikwenda njia nyingine na kuruhusu silaha hosteli. Madarasa ya kawaida yako wazi kote.

Eneo lililokatazwa hulitambui kwa kubahatisha. Huwa na bango linalotaja namba 30.06, yaani kifungu cha sheria ya jinai ya Texas, kwa Kiingereza na Kihispania, herufi zisizopungua inchi 1 kimo. Kibango kidogo chenye picha ya bastola iliyokatwa kwa mstari mwekundu hakimzuii kisheria mwenye leseni. Binti akijifunza kulisoma bango hilo, atajua mahali alipo.

Vilevile ajue kwamba hataambiwa nani amebeba. Majina ya wenye leseni ni siri, chuo hakina orodha ya kuwasomea wanafunzi, na wa kumdai mtu leseni yake ni polisi. Kwa muda mwingi wa masomo hataona silaha yoyote. Akiiona waziwazi, mtu amevua koti na bastola inaonekana au imewekwa mezani, kuna kosa limetokea au linakaribia kutokea. Atoke, kisha apige simu polisi wa chuo. Asimwulize mwenyewe, asimkemee.

Ubishi wenyewe sasa. Wanaounga mkono si wendawazimu, na mtu asiyesikiliza hoja yao hataielewa Marekani. Wanasema hivi: mwenye leseni ya jimbo hubeba bastola dukani, kwenye gari na mgahawani, na hakuna anayejali, kwa nini akivuka barabara kuingia chuoni ageuke hatari? Msichana anayetoka maktaba saa sita usiku na kupita maegesho yenye giza ajilinde na nini? Wanakumbusha tarehe 16 Aprili 2007, siku mwanafunzi mmoja alipoua watu 32 katika chuo cha Virginia Tech, mahali ambapo kanuni za chuo zilikataza silaha. Kanuni ile haikumzuia muuaji, iliwazuia waliouawa. Na wanakumbusha jambo la zamani zaidi, la Austin kwenyewe: tarehe 1 Agosti 1966 Charles Whitman alipanda mnara wa chuo na kuwafyatulia watu risasi kwa dakika 96. Raia walikimbilia bunduki zao za kuwindia wakamjibu kutoka chini, na raia mmoja mwenye bunduki alipanda mnarani pamoja na polisi waliomuua. Sheria ya Texas ilianza kutumika miaka 50 kamili baada ya siku ile, na Austin kuna waliolipokea hilo kama chumvi kwenye kidonda.

Hoja ya msichana wa maegeshoni naiheshimu. Hoja ya kumzuia muuaji wa halaiki haisimami ukiikagua kwa karibu, na hapa ndipo zile risasi 50 za karatasini zinaporudi. Utafiti wa taasisi ya RAND kuhusu polisi wa New York, uliochapishwa 2008, ulikuta kwamba katika mapambano ambayo mshukiwa naye alikuwa akifyatua, risasi za polisi zilizompata zilikuwa takriban 18 katika kila 100. Hao ni askari wenye mazoezi ya kila mwaka na ni kazi yao ya mshahara. Katika ukumbi wa mihadhara wenye watu 200 wanaokanyagana, kila risasi iliyokosa shabaha haipotei hewani, inaishia mahali fulani. Halafu fikiria polisi wanaoingia mlangoni: hawajui nani ni nani, wanamwona mtu wa kawaida ameshika bastola. Oktoba 2015, katika chuo cha Umpqua huko Oregon, ambako watu 9 waliuawa, palikuwa na mwanafunzi aliyepata kuwa mwanajeshi na aliyekuwa na bastola. Alibaki alipokuwa, hofu moja aliyoitaja ni kwamba polisi wangemdhani yeye ndiye muuaji. Nadhani aliamua vyema.

Wengine hutaja chuo cha sheria cha Appalachian, Virginia, mwaka 2002, ambako wanafunzi wawili walichukua bastola kwenye magari yao na kusaidia kumdhibiti muuaji. Ni kweli lilitokea. Kinachoachwa nje ni kwamba wote wawili walikuwa na uzoefu wa kazi ya polisi. Na Septemba 2025 Charlie Kirk, mwanaharakati wa siasa za kihafidhina, alipouawa katika chuo kikuu cha Utah Valley, jimbo lile lilikuwa limekwisha ruhusu silaha vyuoni kwa miaka mingi. Risasi ilitoka juu ya paa, zaidi ya mita 100, kwa bunduki ndefu. Bastola ya kiunoni haina la kufanya kwa umbali huo.

Kuhusu Garissa, Mama, naandika kwa uzito maana watu 148 walizikwa. Wauaji walikuwa wanne, walikuja alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015 na bunduki za kivita, wakawakuta vijana wamelala hosteli au wako kwenye maombi. Aliyetoka usingizini na bastola ya risasi kumi na kitu, gizani, mbele ya bunduki nne za namna ile, angeongeza dakika chache, pengine, na pengine angewapiga wenzake waliokuwa wakikimbia. Swali ambalo Wakenya waliliuliza baadaye, na walikuwa na haki ya kuuliza, lilikuwa kuhusu ulinzi wa langoni, tahadhari zilizotangulia, na kwa nini kikosi maalumu kilichukua saa nyingi kufika kutoka Nairobi. Huko ndiko maisha yangeokolewa.

Lakini wapingaji nao wana lao lililovuka mpaka. Walitabiri ugomvi wa alama za mtihani ukimalizwa kwa risasi darasani. Utah imeruhusu silaha vyuoni tangu 2004 na mahakama yake ya juu ikathibitisha 2006. Wimbi la mauaji kati ya wanafunzi wenye leseni halikutokea. Mtu mwenye rekodi safi aliyejaza fomu na kulipa ada si yule wa kumwogopa kwanza. Mtoto wako asiingie darasani akimtazama kila mwenye begi kama adui, hatasoma.

Yanayotokea kwa kweli ni madogo na ya uzembe, na yana sababu zinazoeleweka. Mwaka 2014, miezi miwili hivi baada ya Idaho kuruhusu, bastola ya mhadhiri ilifyatuka mfukoni mwake mbele ya darasa na kumjeruhi mguu. Septemba 2016, wiki chache baada ya sheria ya Texas, bastola ilifyatuka hosteli katika chuo cha Tarleton State, hakuna aliyeumia. Bastola nyingi za kisasa hazina kufuli la nje la usalama: kifyatulio kikivutwa, inapiga. Ukiitia mfukoni au kwenye begi bila ala ngumu inayofunika kifyatulio, funguo, kalamu au mkunjo wa kitambaa unaweza kufanya kazi ya kidole. Ndiyo maana kanuni za Austin zinadai ala inayokifunika chote. Walitaka pia chemba iwe tupu, yaani risasi isikae tayari mbele ya mtutu. Wapenda silaha wakasema anayevamiwa hana muda wa kuvuta bastola kwa mikono miwili, na bodi ya chuo ikaiondoa kanuni hiyo Julai 2016. Kwa maoni yangu lilikuwa kosa. Chemba tupu ingezuia ajali za namna hii karibu zote.

Linaloniuma zaidi halisemwi sana bungeni. Hosteli ni nyumba ya vijana walio mbali na kwao, wenye deni, mapenzi yaliyovunjika, matokeo mabaya, na pombe mwisho wa wiki. Zaidi ya nusu ya vifo vya risasi Marekani ni vya watu waliojiua wenyewe. Anayejaribu kujiua kwa bunduki hufa takriban mara 9 kati ya 10, wakati njia nyingine nyingi humwachia mtu nafasi ya kuokolewa. Na walio wengi mno wanaonusurika hawafi kwa kujiua baadaye. Saa ile mbaya hupita. Ndiyo sababu mimi ningefungia silaha hosteli hata kabla ya darasa, na ndiyo sababu Austin wako mbele ya A&M kwa hilo. Admirali mstaafu William McRaven, aliyesimamia operesheni ya kumwua Osama bin Laden na baadaye akaongoza mfumo wa vyuo vya Texas, aliwaandikia viongozi wa jimbo kuipinga sheria hii. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia anaogopa bunduki.

Gharama nyingine ni ya kimya. Mapema 2016, walimu wa Chuo Kikuu cha Houston walipewa mapendekezo na wenzao: kuwa waangalifu na mada zinazochoma, kufikiria kuacha baadhi yake, kutoendelea wakihisi hasira. Wahadhiri watatu wa Austin walikwenda mahakamani wakisema hofu hiyo inaua uhuru wa kufundisha. Mahakama ya rufaa iliwakatalia 2018, kwa sababu madhara waliyoyalalamikia yalikuwa bado ya kuogopewa tu. Baada ya uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 2022 uliopanua haki ya kubeba silaha hadharani, milango ya kesi kama hiyo imezidi kuwa finyu. Ila sheria hazisafiri upande mmoja: Colorado iliyokuwa imeruhusu, ilizikataza tena silaha katika maeneo ya vyuo mwaka 2024, wakati West Virginia ilianza kuruhusu mwaka huo huo.

Ya kumwambia binti, basi, kabla ya kupanda ndege.

Asome kanuni za silaha za chuo chake kwenye tovuti yao, hasa sehemu ya makazi na maabara. Asome pia ripoti ya usalama ambayo sheria ya serikali kuu inakilazimisha kila chuo kinachopokea misaada ya masomo ya serikali hiyo kuichapisha kufikia 1 Oktoba kila mwaka. Ina idadi ya ujambazi, ubakaji na makosa ya silaha kwa miaka 3 iliyopita. Alinganishe namba za ndani ya hosteli na za barabarani. Kwa msichana, kwa kawaida humo ndimo atakapojifunza la maana kuliko kwenye habari za televisheni.

Ajisajili kwenye ujumbe wa dharura wa chuo siku anayopata namba ya simu ya Marekani, wala asiizime kwa sababu inasumbua. Polisi wa chuo kule ni polisi kamili wenye mamlaka ya kukamata, na vyuo vingi huwa na huduma ya kumsindikiza mwanafunzi usiku bila malipo. Aiweke namba yao pamoja na 911, ile ya dharura. Ya tatu ni 988, ya mtu aliyezidiwa na mawazo ya kujiua, yeye au mwenzake. Inapokea simu na ujumbe saa zote.

Milio ya risasi ikitokea, mafunzo ya huko yanafuata mpangilio mmoja: kimbia kama kuna njia, ukiacha begi na kompyuta, kama haipo, jifiche kwenye chumba kinachofungika, zima taa, nyamazisha simu hata mtetemo, weka meza mlangoni, kupambana ni la mwisho kabisa. Polisi wakiingia, mikono juu, vidole vimeachana, haina kitu, hata simu. Asiwakimbilie kuwakumbatia, na asiokote silaha iliyoanguka sakafuni kwa sababu yoyote ile.

La nyumba ndilo wazazi wengi husahau. Wanafunzi wa uzamili mara nyingi hukodi nyumba nje ya chuo, na huko kanuni za hosteli hazimlindi. Kabla ya kusaini mkataba awaulize watakaoishi naye, kwa maandishi: je, kuna silaha humu? Inakaa wapi, na ufunguo ni wa nani? Wamarekani hawalioni swali hilo kuwa tusi. Jibu likiwa ni droo ya sebuleni au juu ya jokofu, atafute nyumba nyingine, kwa sababu pamoja na hatari yenyewe, mwenye F-1 anayelala chumba kimoja na bastola isiyofungwa anaweza kuitwa kueleza ni ya nani. Likiwa ni kabati la chuma chumbani kwa mwenyewe, na funguo anazo mwenyewe peke yake, anaweza kukaa, ila asijue namba ya siri ya kabati hilo hata akiambiwa kwa urafiki.